Moshi na Kinga ya Mtoto Aliye Tumboni

Jioni moja, saa kumi na mbili ilipokaribia na matatu za kutoka Nairobi zilipokuwa zikishusha abiria wao katika steji ya Kahawa Sukari, nilimkuta mwanamke mmoja mchoma mahindi, ambaye kwa kukisia mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane, ameketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, jiko la makaa mbele ya magoti yake, mkono wa kulia ukipepea kwa kipande cha katoni na wa kushoto ukigeuza mahindi juu ya wavu. Kila alipopepea, majivu mepesi yalipanda yakapita usoni pake, naye akafumba macho kidogo kwa mazoea, kama afumbavyo mtu anayepitiwa na upepo. Nilipokwisha kupakiwa hindi langu ndimu na pilipili, nilimwuliza kama moshi ule haumsumbui katika hali aliyo nayo. Akatabasamu. “Moshi ni wa kuni, mzee,” akaniambia. “Haya ni makaa, hayana moshi.”

Jibu hilo nilikwenda nalo nyumbani, na tangu siku hiyo halijanitoka, kwa kuwa ndani yake mmekusanyika karibu kila jambo linalofanya mas’ala ya hewa na mimba kuwa mazito: kwamba jicho ndilo tulilolifanya kadhi wa kuamua lipi ni moshi na lipi si moshi, hali yale yenye madhara makubwa zaidi jicho haliyaoni; na kwamba mwanamke yule, hata kama angeyajua yote nitakayoyaeleza hapa, bado kesho yake angeketi juu ya kreti ileile, kwa sababu mahindi ndiyo riziki yake. Ninaloazimia kulibainisha ni kwamba kinga ya mtoto mchanga huanza kujengwa miezi mingi kabla hajavuta pumzi ya kwanza, kwa vifaa vinavyopita katika mapafu na damu ya mama yake, na kwamba hewa inayopita humo ni mali ya shirika, ambayo hakuna mja mzito awezaye kuisafisha peke yake, apewe jiko jema namna gani.

Kahawa Sukari ni kata ya Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, jirani ya Kahawa Wendani na ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na jina lake lenyewe linakumbusha zama ambapo nchi hii yote, kutoka viungani mwa Nairobi mpaka Thika, ilikuwa ya mibuni. Mashamba yamekatwa viwanja, viwanja vimeota nyumba za ghorofa, na mbele ya nyumba hizo imepita barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012. Sitaki kuikufuru neema hiyo: mja mzito ambaye zamani angekwama saa mbili kabla ya kufika hospitali, leo hufika kwa dakika chache. Walakini barabara iliyopanuliwa huita magari, na magari huita maduka, gereji, vibanda na wapangaji, hata ikawa watu wengi zaidi wanaishi, wanauza, wanangoja na wanapika karibu na mabomba ya moshi wa dizeli kuliko walivyopata kufanya hivyo tangu reli ilipofika Thika. Ongeza juu yake vumbi la machimbo ya mawe ya upande wa Juja na Ndarugo, malori yanayoyachukua mawe hayo, viwanda vya Thika na Ruiru, na zile takataka ambazo jioni hutiwa moto nyuma ya nyumba, mifuko ya plastiki na nepi pamoja na maganda ya ndizi, na utaona kwamba hewa ya hapa haina mkosaji mmoja wa kushtakiwa.

Kipimo chake ni kipi? Wataalamu huipima hewa hasa kwa chembe laini ambazo kipenyo chake hakizidi maikroni 2.5, yaani chembe ambazo ukizipanga kiasi cha thelathini ndipo zitakapolingana na unene wa unywele mmoja wa kichwa. Chembe kubwa zaidi hunaswa puani na kooni, tukazipenga au kuzikohoa. Hizi ndogo hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako hewa na damu hutenganishwa na utando mwembamba kabisa. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2005 lilikuwa limeweka kikomo cha maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, liliteremsha kikomo hicho mwaka 2021 hadi 5, kwa kuwa ushahidi ulizidi kuonyesha madhara hata pale palipodhaniwa kuwa salama. Sasa linganisha: watafiti waliopima hewa ya Nairobi mwezi Julai 2009, wakiwa na vyombo vyao kuanzia asubuhi mpaka jioni, walipata chini kidogo ya maikrogramu 11 mahali palipo mbali na mji, na zaidi ya 98 kando ya njia ya waendao kwa miguu katikati ya mji. Vipimo vya mchana mmoja si sawa na wastani wa mwaka, na mwenye kusoma hesabu hizi asizichanganye. Lakini tofauti ya mara tisa kati ya shamba na barabara, katika eneo moja na msimu mmoja, haihitaji mfasiri.

Hayo ni ya nje. Ya ndani ya nyumba ni makubwa zaidi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya kaya hupikia kuni, 23.9 gesi, 11.6 makaa na 7.8 mafuta ya taa. Katika maeneo kama Kahawa Sukari gesi imeingia sana kuliko mashambani, lakini mtu akidhani kwamba nyumba yenye mtungi wa gesi imeachana na makaa, basi hajapata kuchemsha maharagwe wala githeri kwa pesa yake mwenyewe. Mtungi huwekwa kwa chai ya asubuhi na mayai ya haraka, na jiko la makaa hutolewa kwa kila kinachochukua saa tatu kuiva. Kisha huja baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti nyanda hizi za Kiambu hufunikwa na mawingu mazito, mvua ya rasharasha hunyesha bila kukoma, na katika nyumba za mawe zisizo na joto lolote watu hufanya jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu tangu utotoni: jiko huwashwa nje, husubiriwa mpaka moshi unaoonekana uishe na makaa yawe mekundu, kisha huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na pahali pa heshima karibu nalo akapewa mja mzito au mzazi mwenye mtoto mchanga, kwa huruma na mapenzi kamili.

Huruma hiyo imebeba sumu. Makaa mekundu hayana moshi wa kuonekana, lakini hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kila mwaka baridi ikizidi husikika habari za watu waliolala na jiko wasiamke, na kwa hiyo sehemu hii ya hadithi inajulikana. Isiyojulikana ni kwamba kabla ya kiwango cha kuua mtu mzima kuna viwango vingi vya chini yake, na kwamba damu ya mtoto aliye tumboni, iliyoumbwa iwe na uchu wa kunyakua oksijeni kutoka kwa mama, huinyakua gesi hii kwa uchu uleule, ikaishikilia kwa muda mrefu kuliko damu ya mama yake. Mama anaweza kutoka nje, akavuta hewa ya baraza, kichwa kikaacha kumuuma, na akadhani yamekwisha. Mtoto bado anayo.

Ili tufahamu madhara ya hewa kwa kinga, yafaa kwanza tuitazame kinga yenyewe inavyojengwa, maana watu wengi hudhani kwamba mtoto huzaliwa mtupu na kwamba kinga yake huanza siku ya chanjo ya kwanza. Si hivyo. Tangu miezi ya mwanzo ya mimba, katika ini la mtoto na baadaye katika uboho wa mifupa yake, huzaliwa chembe nyeupe za damu, ambazo baadhi yake huhamia kwenye tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na humo hufundishwa ilimu moja ngumu kuliko zote: kumtambua aliye wa nyumbani na aliye mgeni. Zinazohitimu huitwa seli T. Zipo ambazo kazi yake ni kupigana, na zipo ambazo kazi yake ni kuwatuliza wapiganaji wasije wakaiteketeza nyumba kwa kumkimbiza panya. Uwiano wa makundi hayo mawili ndio unaoamua baadaye kama mtoto atayashinda maradhi ya kifua, au kama mwili wake utavipiga vita visivyo na adui, kama pumu na ukurutu. Kazi hii yote hufanyika ndani ya mama, kwa ratiba isiyorudiwa.

Pamoja na askari wake mwenyewe, mtoto hupewa na mama hiba ya kingamwili, ambazo ni kumbukumbu za kila ugonjwa aliopata mama na kila chanjo aliyochanjwa. Hizi hubebwa kupitia zalio, yaani kondo la nyuma, kidogo kidogo kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapokwisha, na kwa wingi mkubwa katika majuma ya mwisho, hata mtoto aliyetimiza siku zake huweza kuzaliwa na kingamwili nyingi kuliko za mama yake. Hiba hiyo hupungua siku hadi siku: watafiti wa Kilifi walipozifuata kingamwili zinazopambana na kirusi kimoja kikuu cha maradhi ya kifua ya watoto, waliona kwamba nusu yake huisha katika muda wa siku 79 hivi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huondoka bandarini kama jahazi lililong’oa nanga shehena ikiwa bado ufukweni, na hesabu ya kupungua humwanza vilevile. Na miongoni mwa mambo yanayohusishwa katika tafiti nyingi za dunia na kuzaliwa kabla ya wakati, na kuzaliwa na uzito mdogo, hewa chafu imo. Njia hii ya kwanza ya madhara haihitaji nadharia ya ajabu: hewa huharakisha uzazi, na uzazi wa haraka humpunguzia mtoto urithi.

Njia ya pili ni ya moja kwa moja zaidi, na kwa miaka mingi ilikuwa dhana tu. Zalio lilisifiwa kama ngome isiyopitika na uchafu. Mwaka 2019 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walitangaza kwamba wamezikuta chembe za masizi ndani ya zalio, upande wa mtoto, na kwamba mama waliokaa penye hewa chafu zaidi walikuwa nazo nyingi zaidi. Mwaka 2022 wenzao wa Aberdeen, Uskoti, wakishirikiana nao, walizikuta katika damu ya kitovu na katika ini, mapafu na ubongo wa vijusi, tangu miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Mama hao hawakuwa wavutaji wa sigara, na Aberdeen si mji wenye sifa ya moshi. Ikiwa masizi ya mji wa namna ile yamefika kwenye ini, ambalo kwa wakati huo ndilo kiwanda cha damu na cha askari wa kinga, sembuse masizi ya mahali ambapo dizeli, makaa na plastiki huungua pamoja?

Je, masizi hayo yanapofika huibadili kinga? Hapa ushahidi wa nguvu ulitoka Ucheki, katika wilaya mbili, Teplice ya viwanda na migodi ya makaa ya mawe, na Prachatice ya mashamba, ambako damu ya kitovu ya watoto 1,397 waliozaliwa kati ya 1994 na 1998 ilichunguzwa. Ilionekana kwamba pale hewa ilipokuwa chafu katika majuma mawili yaliyotangulia kuzaliwa, uwiano wa seli T ulipungua na ule wa chembe za kundi jingine ukaongezeka. Na watoto wa utafiti huohuo walipofuatwa, ugonjwa wa mkamba ulizidi kadiri hewa ilivyozidi uchafu. Katika mji wa Krakow, Polandi, watoto ambao mama zao walivaa vyombo vya kupimia hewa walipokuwa waja wazito walionyesha maradhi ya kifua ya kujirudia zaidi pale vipimo vilipokuwa vya juu. Na huko Bern, Uswisi, vitoto vya umri wa majuma matano, vilivyopimwa vikiwa vimelala usingizi, vilionekana kuhema kwa juhudi kubwa zaidi pale mama zao walipopata vumbi zaidi wakati wa mimba. Mwenye insafu atakiri kwamba tafiti hizi zinaonyesha mambo mawili yakiandamana, na kuandamana si lazima kuwe ni mmoja kumzaa mwenzake. Umaskini huandamana na moshi pia, na lishe duni huandamana na umaskini. Hata hivyo, ushahidi unapotoka katika damu, katika mapafu na katika zalio, kwa mataifa yasiyofanana, na yote yakaelekea upande mmoja, kuupuuza ni ukaidi.

Nimewasikia watu wazima wenye busara wakisema: mama zetu walitulea katika majiko ya mafiga matatu, moshi umejaa mpaka darini, na sisi hapa tuko wazima. Hoja hii ina heshima yake na naipenda kwa sababu inawatetea mama zetu. Lakini anayeisema ni yule aliyesalia kuisema. Taasisi ya Health Effects Institute ya Boston, katika taarifa yake ya mwaka 2020, ilikadiria kwamba mwaka 2019 hewa chafu ilichangia vifo vya watoto 476,000 katika mwezi wao wa kwanza wa maisha duniani kote, ambao 236,000 kati yao walikuwa wa Afrika iliyo kusini ya Sahara, na kwamba karibu theluthi mbili za vifo hivyo vyote zilitokana na moshi wa ndani ya nyumba. Kenya yenyewe, kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022, hupoteza watoto 21 katika kila 1,000 kabla hawajatimiza mwezi, na hesabu hiyo ilikuwa 22 mwaka 2014: miaka minane, na tofauti ni mtoto mmoja. Makaburi madogo ya zamani nayo yalikuwa mengi, ila hayakuandikiwa sababu.

Naomba hapa niingize neno kwa jamaa zangu wa pwani, ambao wataudhika. Desturi ya kumfukiza mzazi na mtoto wake kwa udi na ubani katika siku arobaini ni desturi nzuri, yenye harufu ya heshima, na mimi mwenyewe nimepokewa duniani nayo. Lakini chetezo ni makaa, na udi ni mti unaoungua. Pafu la mtoto wa siku saba halitambui tofauti ya moshi wa ibada na moshi wa lori. Chumba na kifunguliwe dirisha, nguo ndizo zifukizwe nje na mtoto avikwe zikiwa zimekwisha kupoa. Mila haitapungukiwa na kitu.

Sasa nafikia lile lililonisumbua zaidi katika kuyachunguza haya. Mtu angedhani dawa ni nyepesi: mwondolee mama jiko la moshi, mpe jiko safi, na mtoto atazaliwa na siha njema. Jambo hili limejaribiwa, tena kwa gharama na uaminifu mkubwa. Huko Malawi, familia za vijiji 150 ziligawanywa, baadhi zikapewa majiko yaliyoboreshwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nimonia ya watoto haikupungua. Ghana, katika wilaya za Kintampo, waja wazito 1,414 waliingizwa katika jaribio kama hilo, wengine wakapewa gesi. Uzito wa watoto haukuongezeka wala nimonia haikupungua, ingawa katika jaribio lilelile watoto ambao mama zao walivuta kaboni monoksaidi nyingi zaidi walikuwa na mapafu dhaifu zaidi walipotimiza siku thelathini. Kisha likaja jaribio kubwa kuliko yote, katika Guatemala, India, Peru na jirani zetu wa Rwanda, wilaya ya Kayonza, ambamo waja wazito 3,200 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa jiko la gesi na gesi ya bure iletwayo mlangoni kwa miezi 18. Vumbi laini walilolivuta wanawake wa kuni lilikuwa na wastani wa maikrogramu 103, la wenzao wa gesi 35. Tofauti ni kubwa. Lakini watoto walipopimwa, wa gesi walikuwa na wastani wa gramu 2,921 na wa kuni gramu 2,898, tofauti ambayo kwa kanuni za hesabu haiwezi kutengwa na bahati. Na nimonia kali ya mwaka wa kwanza nayo, kama ilivyotangazwa mwaka 2024, haikutofautiana.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakahitimisha kwamba moshi si hoja. Mimi nayasoma vingine, na ninayo hoja kutoka nchini mwetu. Majid Ezzati na Daniel Kammen, waliofanya utafiti wao katika nyumba 55 za Mpala, Laikipia, na kuuchapisha mwaka 2001, waliona kwamba maradhi ya kifua huongezeka kadiri moshi unavyoongezeka, lakini mpando huo ni mkali kule chini, moshi ukiwa haba, na hulegea kule juu, moshi ukiwa mwingi. Maana yake ni nzito: mtu anayetolewa katika moshi mwingi sana akawekwa katika moshi mwingi wa kadiri ameteremka sehemu ya mlima iliyo tambarare, na bonde lenye siha bado liko mbali chini yake. Mwanamke wa jaribio lile kubwa aliyepewa gesi bado alivuta, kwa wastani, mara saba ya kile ambacho Shirika la Afya Duniani linakiruhusu kwa wastani wa mwaka, kwa sababu jirani yake alipika kwa kuni, njia ilikuwa na vumbi na upepo hauna mlango. Tena wanawake hao waliingizwa katika jaribio mimba ikiwa na majuma tisa au zaidi, wengine karibu ishirini, hali masizi yamekwisha kuonekana katika vijusi vya miezi mitatu ya kwanza. Jiko moja safi katika mtaa mchafu ni kama kuchota maji ya kunywa kwa kikombe kisafi katika kisima kilichoangukiwa na mzoga.

Na ushahidi wa upande wa pili upo. Mwaka 2008, serikali ya China ilipozuia magari na kufunga viwanda kwa ajili ya michezo ya Olimpiki, hewa ya Beijing yote, si ya nyumba hii au ile, ikasafika kwa majuma machache. Na watoto ambao mwezi wao wa nane wa mimba ulikutana na majuma hayo walizaliwa wakiwa wazito kwa gramu 23 kuliko wale wa mwaka kabla na mwaka baada yake. Gramu 23 ni kama vijiko vitano vya sukari, na wala hazizidi zile 23 za jaribio la gesi. Ila hapa zilipatikana kwa mwezi mmoja tu, zikahesabiwa katika uzazi wa watoto zaidi ya 83,000, na hakuna mama hata mmoja aliyeambiwa abadili jiko lake.

Kwa hiyo mas’ala haya yanatoka jikoni yanaingia barazani kwa wenye mamlaka. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kanuni za kitaifa za ubora wa hewa zipo tangu 2014. Jiji la Nairobi lilijitungia sheria yake ya hewa mwaka 2022. Lakini Kahawa Sukari iko Kiambu, hatua chache nje ya mpaka, na moshi wa Githurai haujui kaunti ilipoishia. Afrika Mashariki iliweza kuondoa risasi katika petroli ilipofika 2006, na mwaka 2015 ikapunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 katika milioni, mambo mawili ambayo hakuna mja mzito aliyeyasikia wala kuyaona na yamemfaa kuliko mawaidha mengi. Gesi ya kupikia nayo imeyumbishwa: Julai 2021 ilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikateremshwa hadi 8, na Julai 2023 ikaondolewa. Nyuma ya kila badiliko la namna hiyo kuna wanawake waliorudi kwenye makaa na wengine waliotoka, na miongoni mwao waja wazito, ambao miezi yao tisa haikungoja bajeti.

Sheria inaweza kufanya kazi, japo polepole mno kwa mtoto. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilirusha moshi wa risasi juu ya nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi damuni, iliyomfikia katika maziwa ya mama. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 mahakama ya rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Waliokuwa wachanga moshi ule ulipoanza sasa ni vijana.

Yapo yanayowezekana bila kungoja mahakama. Muuguzi anayempima mja mzito shinikizo la damu anaweza kumwuliza katika dakika hiyohiyo: unapikia nini, wapi, na usiku wa baridi unalala na nini chumbani? Wenye nyumba za kupanga wanaweza kujenga jiko lenye dirisha pande mbili. Mtaa unaweza kukubaliana kwamba takataka hazichomwi, na kaunti ikazichukua kwa siku ilizoahidi, maana mwenye kuchoma aghalabu ni yule ambaye gari la taka limempita majuma matatu. Maharagwe yanaweza kulowekwa usiku kucha, yakaiva kwa nusu ya makaa. Haya ni madogo, na nimekwisha kueleza kwa nini madogo ya nyumba moja hayatoshi; lakini mtaa mzima ukiyafanya huacha kuwa ya nyumba moja.

Nilipita tena katika steji ile baada ya majuma mawili, Julai ikiwa imeingia kwa rasharasha zake. Yule mwanamke alikuwepo bado, mzito zaidi, ameliingiza jiko chini ya kibanda ili mahindi yasilowe, na upande unakotoka upepo ameteremsha nailoni mpaka chini akaifunga kwa jiwe. Tulikuwa wateja wanne, magari yamesimama nyuma yetu yakingurumia foleni. Akatusogezea benchi. “Karibieni, wazee,” akasema, “hapa kuna joto.” Tukasogea sote, tukauziba kwa migongo yetu mwanya uliokuwa umebaki.